Mjomba Mwenye Bunduki

Huku Karagita mtu akishindwa na jambo humwita polisi. Mume amelewa, amejifungia ndani na watoto: polisi. Mtoto amepatikana stejini akilia, hajui kwao: polisi. Kijana anaongea na ukuta tangu jana: polisi. Mpangaji amekunywa sumu ya panya: polisi, tena upesi, kabla mwenye ploti hajaanza kusema hajui lolote. Si kwamba tunampenda. Tunamwogopa, tunamsema, na tukiona gari lake usiku tunaingia kichochoroni hata kama hatuna kosa. Lakini ndiye tunayempigia.

Nimeishi hapa tangu 2009, na kwa miaka mingi niliona hiyo ni tabia tu ya watu wa mjini, watu wasiotaka kuingilia mambo ya jirani. Siku hizi naona sababu ni nyingine. Hapa hatuna wajomba.

Kwetu Butere mtu akichanganyikiwa, hakuna anayewaza kituo cha polisi kwanza. Anaitwa mjomba. Mjomba anakuja na baiskeli yake, anapewa chai, anakaa chini ya mwembe, anauliza yaliyotokea, na hatoki hapo mpaka jambo lipate mwelekeo. Sisemi wajomba wote wana hekima. Nimeona mgonjwa amefungwa kamba kwenye mti kwa amri ya mjomba, na nimeona msichana aliyeharibiwa maisha akilipiwa ng'ombe mmoja, mambo yakaisha hivyo. Nitarudi kwa hilo. Lakini mjomba ana vitu viwili ambavyo huku hatuna: ana ruhusa ya kuingia nyumba ya mwingine bila kubisha sana, na ana muda.

Karagita ilijazwa na maua. Mashamba ya waridi yalipoongezeka kandokando ya Ziwa Naivasha, watu walikuja kutoka Kisii, Siaya, Bungoma, Nyandarua, Turkana, wakapanga vyumba vya futi kumi kwa kumi, na kila mmoja akawaacha wajomba zake nyumbani. Ploti yetu ina milango kumi na miwili na makabila sita. Mzee kuliko wote ni keateka, na hata yeye hajafika miaka hamsini na tano. Shamba linataka mikono michanga. Kwa hiyo mambo yakiharibika saa saba usiku, hakuna mtu mwenye haki ya kusukuma mlango wa jirani na kusema, hebu kaa chini kwanza. Mwenye haki hiyo ni mmoja tu, na amebeba bunduki. Huyo ndiye tumemfanya mjomba.

Tangu George Floyd auawe na polisi mjini Minneapolis, Mei 2020, kumekuwa na mjadala duniani kama kazi nyingine za polisi zipewe watu wa ustawi wa jamii. Nikiwasikia wenzangu wakisema hayo ni mambo ya Marekani, huwa nacheka. Kama kuna mahali swali hilo lina makao, ni katika ploti kama yetu.

*

Watu huniita Daktari, kwa utani ambao umezoeleka hadi watoto wadogo wanadhani ni jina langu. Mimi si daktari. Nilifunga maua kwa miaka tisa mpaka mgongo ukakataa, kisha nikawa mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea. Septemba 2023 Rais William Ruto alipozindua mpango wa wahamasishaji wa afya zaidi ya 100,000 nchi nzima, nami nilipata mkoba: mashine ya presha, ya sukari, kipima joto, na simu ya kuingizia taarifa. Nina nyumba karibu mia moja. Kwenye karatasi kazi yangu ni kumuuliza mama mjamzito kama ameenda kliniki, kuangalia kama mtoto amechanjwa, na kupima presha. Kwa ukweli kazi yangu ni chochote nitakachokikuta nikifungua mlango.

Na hiki ndicho nilichojifunza kwa kutembea na mkoba huo: watu wakiona umetumwa na serikali lakini hujavaa sare, wanakwambia ukweli. Mama ambaye hangeweza kumwambia afande kwamba mwanawe anavuta bangi, ananiambia mimi nikiwa nimemfunga kitambaa cha presha mkononi. Mwanamume ambaye amepoteza kazi na hajamwambia mkewe, miezi miwili anatoka asubuhi na kuketi ufuoni akiangalia viboko, huyo aliniambia akiwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimemuuliza tu kama analala vizuri. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Lakini najua mahali hadithi kama hizo huishia zisipopata masikio, na huishia mikononi mwa polisi.

*

Mlango wa Saba anakaa mama na kijana wake wa miaka ishirini na mbili. Majina yao nayaacha. Kijana alikuwa mpole, yule wa kusaidia watu kuteka maji bila kuombwa. Alikuwa akisomea ufundi wa umeme Nakuru, akarudi katikati ya muhula bila kueleza kwa nini. Kwanza akaacha kulala. Halafu akaanza kusikia watu wakimzungumzia nyuma ya mabati.

Ilikuwa Februari, zile wiki za Valentine ambapo kazi ya kufunga maua huenda hadi usiku mkubwa. Mama alikuwa kazini. Kijana akatoka uani bila nguo, ana mpini wa jembe, akaanza kulipiga tangi la maji akisema kuna mtu amefungiwa ndani. Watoto wakaamka wakilia. Kutoka ploti ya pili mtu akapiga kelele: mwizi! Neno hilo usiku mtaani halihitaji ushahidi. Kufumba na kufumbua kulikuwa na watu langoni, na baadhi yao wamebeba mawe. Keateka alisimama pale akiwa na tochi, amenyoosha mikono yake miwili kama kipa, akisema huyu ni wetu, ni mgonjwa. Mtu mmoja alipiga simu kituoni.

Lazima niseme na hili, kwa sababu wanaoandika juu ya polisi mara nyingi hawalisemi. Gari la polisi lilipofika, mawe yalianguka chini. Mimi na kipima joto changu tusingeweza kufanya hivyo. Usiku ule kuja kwao kulimwokoa kijana asiuawe.

Lakini kazi ya polisi pale ilikuwa ya dakika tano. Yaliyofuata hayakuwa kazi yake, na aliyafanya kwa njia anayoijua. Kijana aliamriwa alale chini. Hakulala, kwa sababu sauti zilizokuwa kichwani mwake zilikuwa kubwa kuliko ya afande. Akapigwa makofi, akatiwa pingu, akatupwa nyuma ya gari na blanketi langu. Alilala seli siku mbili. Mama yake alipoenda na uji, aliambiwa kijana atashtakiwa kwa kuleta fujo, au kama anataka apelekwe hospitali, atoe mafuta ya gari. Chama chetu kilimkopesha shilingi elfu mbili.

Nilimsindikiza siku ya pili. Kaunta ilikuwa na askari mdogo, pengine umri sawa na wa yule kijana aliyekuwa ndani. Wenzake walipotoka kwenda kunywa chai, alituambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nilifunzwa kukamata. Hii hatukufunzwa. Nikimwangalia naogopa." Sijawahi kusikia polisi akisema anaogopa. Mama wa Mlango wa Saba alimjibu, "Hata mimi naogopa, mwanangu." Wakatazamana juu ya kile kitabu cha OB, hakuna aliyejua la kufanya.

*

Polisi hakujitwika mzigo huu. Alitwikwa na sheria, tangu zamani. Hospitali ya Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, wakati wa ukoloni, na kwa muda mrefu mgonjwa wa akili alionekana kama mtu wa kuondolewa barabarani. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliendelea kumpa polisi uwezo wa kumchukua mtu anayemwona kuwa mgonjwa na kumpeleka hospitali. Na kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema mtu anayejaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mpangaji aliyekunywa sumu ya panya akipona, askari alikuwa na kazi kando ya kitanda chake. Kifungu hicho kilidumu mpaka tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na wenzake, wakiwemo madaktari wa akili. Ni juzi tu.

Hata ugonjwa wa kuambukiza tulimpa polisi. Machi 27, 2020 kafyu ya Korona ilianza, na kabla watu hawajajua kirusi chenyewe walikuwa wamekutana na rungu. Siku chache baadaye Yassin Moyo, mvulana wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Amri ilikuwa ya kulinda afya. Aliyetumwa kuitekeleza alikuja na vifaa vya kazi yake.

Ukimpa mtu nyundo umtume akashone nguo, usimlaumu peke yake nguo ikiharibika. Muulize pia aliyemtuma.

*

Agosti mwaka uleule kijana alizidiwa tena. Dawa zilikuwa zimeisha na mama hakuwa na pesa za kurudi kliniki. Safari hii keateka alinipigia mimi kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Tulikuwa watatu: mimi, keateka, na mzee wa mtaa ambaye ni wa Nyumba Kumi. Nilimpigia simu muuguzi mmoja ninayemfahamu kupitia kazi hii. Akaniambia: zimeni redio, watoto waingizwe ndani, mtu mmoja tu aongee, msimzunguke, msimbishie kuhusu hizo sauti, na msimwambie uongo.

Kwa hiyo tuliketi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Kijana alitembea uani huku na huku, na mzee wa mtaa akawa anamuuliza mambo ya nyaya na soketi, mambo ya umeme ambayo alikuwa anayajua vizuri. Mara anajibu, mara anageuka na kumjibu mtu mwingine ambaye sisi hatumwoni. Saa tisa usiku alisema ana njaa. Mama yake, ambaye safari hii alikuwepo, alimletea ugali wa jioni na mboga. Saa kumi na mbili asubuhi alikubali kupanda boda boda, mama yake nyuma yake, wakaenda hospitalini mjini. Mimi nilifuata na boda nyingine. Jumla ya gharama ilikuwa shilingi mia sita. Hakuna OB, hakuna pingu.

Usiku huo hakuna kati yetu aliyelipwa. Mzee wa mtaa hapati mshahara. Posho yangu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, inayochangiwa na serikali kuu na ya kaunti, na haikuwekwa kwa ajili ya kukesha na mgonjwa. Keateka alisinzia mchana, mwenye ploti akamgombeza. Ndipo nikaona kwamba swali la nani achukue kazi ya polisi linaulizwa kama vile kazi hiyo yote iko kwa polisi. Sehemu kubwa yake haiko huko. Iko kwa watu kama sisi, tunaifanya usiku, bila mafunzo, bila gari, na bila karatasi inayosema tunaruhusiwa.

*

Sasa narudi kwa yule msichana na ng'ombe, kwa sababu hapa ndipo watu wazuri wanapojikwaa.

Mlango wa Tatu mume alimpiga mke akamvunja jino. Si mara ya kwanza. Wazee waliitisha kikao, wakanunuliwa soda, mume akaomba msamaha, akatozwa faini, mke akaambiwa apunguze mdomo. Sikuwa kwenye kikao hicho. Niliitwa baada ya wiki tatu, mkono wake ukiwa umevimba. Nilimuuliza kama anataka nimtafutie mshauri. Aliniangalia kwa muda, akasema:

"Dadangu, mimi nimeshauriwa vya kutosha. Nilitaka ashikwe."

Tulienda pamoja. Hospitali kwanza, halafu kituoni, dawati la jinsia, halafu fomu ya P3. Afisa mmoja wa kiume aliyekuwa kaunta alijaribu kusema hayo ni mambo ya nyumbani, yaende yakatatuliwe nyumbani. Maneno yaleyale ya wazee. Kenya ina sheria ya kuzuia dhuluma ya kinyumbani tangu 2015, na sheria hiyo inampa polisi wajibu, na inampa mke nafasi ya kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Afisa wa kike wa dawati ndiye aliyejua hivyo, na ndiye aliyetuandikia.

Hofu yangu ni hii: tukisema kwa ujumla kwamba ugomvi wa nyumbani uondolewe kwa polisi upewe watu wa ustawi, tutakuwa tumewarudishia wazee soda zao. Maneno yatakuwa mapya, "upatanisho" na "ushauri nasaha", lakini mwanamke atarudishwa chumba kilekile. Mtu anayeumia anahitaji wa kumtunza. Mtu anayeumiza wengine anahitaji wa kumzuia. Kijana wa Mlango wa Saba alikuwa mtu wa kwanza. Mume wa Mlango wa Tatu ni wa pili, na kwake namtaka polisi, na namtaka afike upesi kuliko anavyofika sasa.

*

Kuna jambo jingine ambalo ziwa letu limeshatufundisha. Joan Root, mpiga filamu za wanyama aliyeishi kando ya Ziwa Naivasha tangu miaka ya 1960, aliona samaki wakiisha na serikali haitoshi. Akawalipa vijana wa huku kuunda kikosi cha doria cha kuzuia uvuvi haramu, baadhi yao wakiwa wamewahi kuwa wavuvi haramu wenyewe. Walikuwa raia waliopewa kazi ya kukimbiza raia na kunyang'anya nyavu, na nyavu ndizo zilizokuwa zinalisha nyumba nyingi za Karagita. Januari 2006 Joan Root aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Watu wanne walishtakiwa, na mwaka 2007 mahakama iliwaachilia. Sisemi kikosi ndicho kilicholeta kifo chake. Hilo mahakama haikulipata na mimi siwezi kulisema. Ninachosema ni kwamba kumvua mtu sare hakubadilishi kazi. Ukimpa raia kazi ya kukamata, umemfanya polisi asiye na kituo, asiye na sheria nyuma yake, na asiye na wa kumshtaki akikosea.

Ndiyo maana nauliza tunawapa watu wa ustawi kitu gani hasa. Huku kuna akina mama wanaoamka saa kumi alfajiri ili kuwahi basi la shamba. Mwanamke wa kulea watoto anatoza shilingi mia moja kwa siku kwa mtoto mmoja. Mwenye watoto watatu na mshahara wa maua hesabu hiyo haimtoki, kwa hiyo wengine humwachia mkubwa wa miaka minane awatunze wadogo, mlango umefungwa kwa nje. Sheria ya Watoto ya 2022 inaita hilo kutelekeza. Akija afisa wa watoto mwenye uwezo wa kuwachukua wale watoto siku hiyohiyo, kesho hakuna mama atakayenifungulia mlango. Watamwona ni karao mwingine, tofauti ni mkoba. Lakini akija na nafasi ya malezi iliyolipiwa, watampikia chai.

Kazi ihamishwe, lakini pingu zibaki kituoni.

*

Si kwamba haijajaribiwa. Mji wa Eugene, Oregon, ulianza mwaka 1989 kutuma mhudumu wa afya na mtu aliyefunzwa kutuliza, bila silaha, kwa simu za walevi, wagonjwa wa akili na waliokata tamaa. Huduma hiyo ilidumu zaidi ya miaka 35, na miji mingine ikaiga, ukiwemo Denver mwaka 2020. Aprili 2025 ilisimama hapo Eugene ilikozaliwa, pesa na mkataba vilipogoma. Nalitaja hilo kwa sababu watu wetu wanapenda kuonyeshwa kitu cha ng'ambo kana kwamba huko kila jambo limetulia.

Karibu zaidi, Rwanda ilifungua kituo cha Isange mwaka 2009, katika hospitali ya polisi ya Kacyiru mjini Kigali. Humo aliyedhulumiwa anawakuta daktari, mtu wa ustawi, mwanasaikolojia na mpelelezi chini ya paa moja, na hadithi yake haizungushwi ofisi nne. Polisi yupo, lakini si yeye anayefungua mlango. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 iliweka ulinzi wa mtoto mikononi mwa halmashauri na afisa wake wa ustawi wa jamii, kwa hiyo aliye na habari ya mtoto anayeteswa ana ofisi ya kuendea ambayo haina seli.

Hata sisi tuna kitu. Maafisa wa probesheni wamekuwepo Kenya tangu miaka ya 1940. Mtu akipatikana na hatia, afisa huenda kwao, anaketi na mama yake, anauliza majirani, anaandikia mahakama maisha ya mtu huyo yalivyo. Nimemwona mmoja akifanya hivyo katika ploti ya jirani, akiwa ameketi kwenye debe lililopinduliwa, anaandika polepole. Nikajiuliza kwa nini serikali humtuma mtu wa namna hiyo baada ya kosa kutendeka. Kijana aliyekuwa anaulizwa habari zake tulikuwa tumemwona akipotea kwa miaka mitatu.

*

Ninachokiomba si kikubwa. Chumba kimoja kando ya barabara ya South Lake, taa ikiwaka usiku. Watu wawili kwa zamu, mmoja muuguzi wa afya ya akili, mmoja wa ustawi wa jamii, wanaolipwa mshahara wala si posho. Nambari moja ya simu inayopokelewa saa nane usiku. Leo tuna 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia, na zinasaidia, lakini anayepokea hawezi kuvaa viatu na kuja. Gari, au hata boda mbili zenye mkataba. Na makubaliano yaliyoandikwa na kituo: simu hizi ni zenu, simu hizi ni zetu, na hizi twende pamoja. Usiku wa mawe ungekuwa wa pamoja. Usiku wa Agosti ungekuwa wetu.

Nililisema hili kwenye baraza la chifu. Vijana wa boda waliuliza nani atalipa mafuta. Mama wa Mlango wa Tatu, ambaye siku hizi anakaa ploti nyingine na watoto wake, alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba huyo mtu akija kumshauri kabla hajauliza amepigwa na nani, asije. Watu wakapiga makofi. Afisa aliyemwakilisha mkuu wa kituo alisema hana pingamizi, usiku ana askari wachache na angependa wafuate wezi. Hakuna aliyemcheka.

Halafu akasimama mzee mmoja mvuvi, mtu asiyependa maneno mengi. Hakuuliza habari za sheria wala pesa. Aliuliza huyo mtu wa ustawi atakuwa analala wapi.

Chifu alidhani ni utani. Mzee akaeleza kwamba ofisi zote alizozijua maishani hufungwa saa kumi na moja jioni, watu wenyewe wakapanda matatu kwenda mjini, na shida ya Karagita huanza saa mbili usiku. Kama mtu huyo atalala mjini, alisema, tutaendelea kumwita yule wa zamani. Kama atalala hapa, anunue maji kwa jerikeni kama sisi na kusikia mbwa wetu wakibweka, yeye yuko tayari kumtafutia nyumba wiki hiyohiyo.

Karani wa chifu aliandika swali hilo kwenye daftari. Nilikuwa nimeketi karibu naye na nikaliona. Ameliandika la kwanza juu ya ukurasa, mbele ya mafuta na mbele ya mshahara.